Matiba kabla ya Saba Saba

Kila Julai ikifika na Kenya ikikumbuka Saba Saba, mkutano wa 7 Julai 1990 wa kudai vyama vingi, jina la mwanasiasa Kenneth Matiba hutolewa sandukuni, likatajwa sambamba na la mwenzake Charles Rubia, zikapita picha za uwanja wa Kamukunji na moshi wa vitoa machozi, kisha likarudishwa hadi mwaka ujao. Sina ugomvi na kumbukumbu hiyo. Ila Matiba ninayemfikiria mimi zaidi ni wa 1968: mtu wa miaka 36 hivi, katibu mkuu wa wizara katika serikali changa ya Jomo Kenyatta, anayeaga cheo ambacho wasomi wenzake walikuwa wakikimezea mate, akaenda kuajiriwa na kampuni. Tena kampuni ya bia.

Mimi ni mtu wa Kwale, ladha ya bia siijui, na marehemu nyanya yangu angenisikia namsifu mkuu wa kiwanda cha pombe angeniambia nikatawadhe upya. Lakini ukikulia Diani enzi zetu, jina la Matiba hukuweza kulikwepa. Jadini, Africana Sea Lodge, Safari Beach, hoteli zile zilizopakana ufuoni, zilikuwa za kampuni yake ya Alliance. Wajomba zetu walikuwa wapishi, watandika vitanda na walinzi katika hoteli za ukanda ule, na kwao Matiba alikuwa tajiri wa bara mwenye hoteli kabla hajawa kitu kingine chochote. Nilipokuja kusoma baadaye kwamba aliwahi kuwa mtumishi wa umma wa ngazi ya juu kabisa, nilishangaa. Matajiri niliokuwa nikiwajua walikuwa wamepitia serikalini, ndiyo, lakini wengi wao hawakuonekana kama waliwahi kutoka.

Nianze na kiti alichokiacha, maana vijana wa leo wakisikia katibu wa wizara wanamfikiria mtu anayesimama nyuma ya waziri kwenye picha. Nimewahi kufanya kazi masijala, katika wizara moja ambayo sitaitaja, kabla sijahamia kampuni binafsi kama mhasibu. Masijala ndiko unakoiona serikali kwa ndani. Faili ni jalada gumu la rangi ya kaki, karatasi zimefungwa pembeni kwa kamba fupi ya kijani yenye vichuma kwenye ncha zote mbili. Kila karatasi ina namba yake, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu upande wa kulia, ili asiwepo mtu wa kuchomoa barua usiku halafu asubuhi aape haikuwahi kuwepo. Faili linapanda ngazi kwa ngazi, kila ofisa anaongeza mistari miwili ya maoni, mpaka linafika kwa katibu. Waziri anaweza kuhutubia hadi jua lizame. Fedha haitoki katibu asipotia saini, kwa sababu hesabu za wizara ziko kwa jina lake, na zikiharibika ni yeye anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge.

Sasa mpe kiti hicho kijana. Matiba alizaliwa Juni 1932 Kahuhia, Murang'a, akapita Shule ya Upili ya Alliance, akaenda Makerere. Nchi ilipopata uhuru Desemba 1963 alikuwa na miaka 31, na alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kuwa makatibu wakuu. Alianzia Elimu, wizara iliyokuwa na moto mkononi: shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, walimu Waingereza walikuwa wakifunga mizigo, na kila kijiji kilikuwa kinataka sekondari yake jana. Baadaye akapelekwa Biashara na Viwanda, ambako Mwai Kibaki alikuwa waziri.

Wizara ya Biashara ya miaka ile haikuwa ofisi ya kusajili majina ya maduka tu. Ndiyo iliyobeba kazi ya kuutoa uchumi mikononi mwa wageni na kuutia mikononi mwa wananchi, au angalau baadhi ya wananchi. Shirika la Biashara la Taifa, KNTC, liliundwa 1965 ili wafanyabiashara Waafrika wapate sukari, saruji na bidhaa nyingine za jumla bila kupitia kwa mawakala wa zamani. Mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani na bidhaa fulani. Mwaka huohuo sheria ya uhamiaji ikabanwa, na kampuni ya kigeni ikitaka kumleta mzungu wa kuendesha kiwanda, ilibidi ieleze kwa nini Mkenya hawezi kazi hiyo.

Utaona mtego ulivyojitega. Makampuni makubwa yakaanza kuwatafuta Waafrika wenye elimu wa kuwaweka ofisi za mbele. Wengi walipewa gari, zulia na katibu muhtasi, wakakosa kazi. Walikuwa mapambo ya sebuleni: mgeni wa serikali akija, anaoneshwa. Na katibu mkuu wa wizara inayotoa leseni alikuwa pambo la thamani kubwa kuliko yote, maana alijua mlango upi unafunguliwa na nani. Ndiyo maana sitaki kumfanya Matiba malaika. Kampuni ilipomchukua, haikuchukua akili yake peke yake, ilichukua pia kitabu chake cha simu.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Alikaa miaka kumi na zaidi, na hakubaki kuwa pambo.

Kenya Breweries haikuwa kampuni ndogo. Ilianzishwa 1922 na ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa sababu hiyo, kisa ambacho wanywaji hukieleza kwa fahari kana kwamba tembo alikuwa mwanahisa. Kiwanda kiko Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika. Ukipita pale kwa matatu asubuhi dirisha likiwa wazi, harufu ya kimea inayochemshwa inaingia yenyewe, nzito, tamutamu, kama uji wa wimbi uliosahauliwa motoni. Kila mfanyakazi anayekwenda mjini kutoka Githurai na Kasarani ameivuta harufu hiyo, mlokole kwa mlevi.

Matiba aliingia 1968 akapanda hadi juu kabisa, akawa mwenyekiti wa kampuni. Fikiria tofauti ya kazi. Serikalini alisimamia fedha zilizopigiwa kura na Bunge. Mwaka wa fedha ukiisha na hujazitumia, zinarudi Hazina, na kosa lako kubwa ni kutozitumia. Kiwandani hesabu hufanywa kwa chupa. Chupa tupu ni mali: zikibaki baa za Kisii na Kitale wiki mbili zaidi, mstari wa kujaza unasimama Ruaraka. Shayiri ikinyeshewa wakati wa mavuno, mwaka mzima unaharibika. Mtu wa mauzo anajua leo jioni kama jana alifanya kazi au alilala. Nilipotoka masijala kwenda kampuni, kilichonitisha kwanza ni hicho: hapakuwa na mahali pa kulificha jambo mpaka lifikie mtu mwingine. Kila Ijumaa kulikuwa na karatasi moja yenye namba, na jina lako pembeni mwa namba.

Nadhani ndiyo iliyomtengeneza. Watu waliofanya kazi katika siasa na Matiba miaka ya baadaye walimlalamikia kwa jambo lilelile: hakuwa na subira na vikao, alitaka jibu, alifikiri amri ikitolewa juu inafika chini kama kreti ya bia inavyofika baa. Katika chama cha siasa hiyo ni kasoro kubwa, na ilimgharimu. Kiwandani ndiyo kazi yenyewe. Alipoongoza Shirikisho la Kandanda la Kenya katikati ya miaka ya 1970, akaleta tabia ileile. Kampuni nayo ilikuwa na timu yake, Breweries, ile tunayoiita Tusker sasa, iliyotwaa ubingwa wa ligi 1972, kisha 1977 na 1978. Mashabiki wa Gor Mahia na wa Ingwe, yaani AFC Leopards, mtanisamehe, lakini hizo ndizo namba.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu miaka mitatu baada ya Matiba kuondoka serikalini kulitokea jambo ambalo limeunda maisha ya Kenya kuliko hotuba nyingi tunazozikumbuka. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, Mkuu wa kwanza wa Utumishi wa Umma na wakati huo Gavana wa Benki Kuu, iliundwa kuchunguza mishahara na muundo wa utumishi. Ripoti yake ilitoka 1971. Kati ya mapendekezo yake mengi, moja likameza mengine yote: kwamba hakuna ubaya mtumishi wa umma kumiliki mali na kufanya biashara, mradi asigonganishe masilahi.

Mradi asigonganishe masilahi! Maneno mazuri, hayakuwa na polisi. Kuanzia hapo ofisa wa leseni aliweza kuwa na duka, ofisa wa barabara akawa na tingatinga, daktari wa wilaya akawa na kliniki ng'ambo ya barabara, na mgonjwa akaambiwa dawa hapa hakuna, jaribu pale. Utetezi wa tume ulieleweka: Waafrika wenye elimu na mshahara walikuwa wachache, karibu wote wako serikalini, na ukiwakataza kufanya biashara, basi biashara itabaki kwa walewale. Nimeusoma utetezi huo mara kadhaa na kila mara naona una mantiki. Naona pia kwamba ulitolewa na watu ambao ungewanufaisha.

Wasomaji wachanga huwachanganya akina Ndegwa, kwa hiyo niseme: Duncan aliongoza Benki Kuu tangu 1967 hadi 1982, aliyempokea ni Philip Ndegwa, naye pia aliwahi kuwa katibu mkuu, na familia yake ndiyo ya bima ya ICEA na uwekezaji wa First Chartered. Watu wawili, jina moja, na kwa namna fulani njia moja.

Ukivuka mpaka kwenda Tanzania mwaka uleule wa 1971, TANU ilikuwa inatoa Mwongozo, waraka uliowakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa wanaowaongoza, kiasi kwamba wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwafungia mameneja nje ya lango. Na miaka minne kabla yake, Azimio la Arusha lilikuwa limeshaweka masharti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ripoti ya Ndegwa na Azimio la Arusha ni kama ndugu wa baba mmoja waliogombana. Zote mbili zinajibu swali la watu wachache wenye elimu katika nchi maskini, moja inawaambia kuleni, nyingine inawaambia kuleni hapana.

Lakini hata Tanzania watumishi wakuu waligeuka kuwa wakuu wa makampuni. Amon Nsekela alikuwa katibu mkuu wa Hazina. Benki zilipotaifishwa Februari 1967 na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, yeye ndiye aliyewekwa kuwa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu. Usiku mmoja ni mtu wa mafaili, asubuhi anatakiwa afungue milango ya benki ambazo mameneja wake wa kigeni wengi wanaondoka, na wateja wanataka fedha zao kama kawaida. NBC haikuanguka. Aliiongoza hadi 1974, akaenda kuwa balozi London, akarudishwa kwenye benki ileile 1981 na kukaa miaka kumi mingine. Ni kazi ya ukurugenzi wa kampuni kwa kila kipimo, isipokuwa kimoja: mwajiri hakubadilika. Rais aliyemtuma Hazina ndiye aliyemtuma benki, na ndiye aliyemtuma London. Nsekela angemkasirikia Rais, angekwenda wapi? Hakukuwa na Ruaraka ya kukimbilia.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema kuhusu Matiba wa 1968. Aliyeondoka mapema akaenda kujitafutia kwenye kampuni, alipata kitu ambacho wenzake wa upande wa Ndegwa na wa upande wa Azimio hawakuwa nacho: ardhi ya kusimama juu yake ambayo si ya mwajiri wake wa zamani. Katibu aliyebaki ofisini huku akiendesha malori yake alikuwa tajiri, lakini malori yalipata kandarasi kwa sababu ya ofisi, na ofisi ilikuwa ya mkubwa. Akiambiwa kaa, anakaa.

Mwaka 1979 Matiba aliacha kiwanda akagombea ubunge Mbiri, akamwangusha Julius Gikonyo Kiano, daktari wa falsafa wa kwanza katika Kenya na waziri wa tangu enzi za uhuru. Kufikia hapo alikuwa na hoteli, mashamba na shule za Hillcrest kule Nairobi, kwa mikopo mingi ya benki na kwa kujiamini kwingi zaidi. Daniel arap Moi akamfanya waziri wa wizara kadhaa. Kisha ikaja 1988, mwaka wa mlolongo, ambapo wapigakura walipangwa foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na wenye foleni fupi wakatangazwa washindi mchana huohuo. Chaguzi za ndani za KANU, chama pekee wakati huo, zilipochakachuliwa Murang'a, Matiba, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, alifanya jambo ambalo mawaziri wa Moi hawakulifanya. Desemba 1988 aliandika barua akajiuzulu.

Kwa nchi yetu hilo lilikuwa geni mno. Waziri hufukuzwa, tena kwa taarifa ya saa saba mchana ya redio, akiwa mezani na kijiko mkononi. Hajiuzulu. Wenzake kwenye baraza hawakuwa wajinga kuliko yeye, na nina hakika baadhi yao walijua foleni ziliibiwa kama alivyojua yeye. Ila wao wakitoka pale walikuwa wanatoka na kila kitu. Yeye alishawahi kutoka serikalini mara moja, akajua kwamba nje kuna hewa.

Kisha akagundua kwamba hewa hiyo nayo ilikuwa na mwenyewe. Mei 1990 yeye na Rubia waliitisha waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Julai, siku chache kabla ya mkutano wa Kamukunji, wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Gerezani Matiba akapata kiharusi, na alipoachiliwa 1991 na kupelekwa London kutibiwa, mwili na akili havikurudi vilivyokuwa. Alirudi 1992 akapokewa na umati ambao Nairobi iliusimulia kwa miaka, akagombea urais kwa FORD-Asili, akapata takriban robo ya kura akawa wa pili nyuma ya Moi. Historia hiyo mnaijua, siirudii.

Isiyosimuliwa ni ya vitabu vya hesabu. Biashara iliyojengwa kwa mikopo inahitaji mwenyewe awe macho kila siku, aongee na benki, ahamishe fedha kutoka hoteli yenye wageni kwenda isiyo nao. Mwenyewe yuko Kamiti, kisha yuko kitandani. Riba haijali kizuizi. Halafu Agosti 1997 zikaja vurugu za Likoni, watalii wakakimbia pwani yote ya kusini, na hata hoteli zilizokuwa na wenyewe wazima zikalala njaa. Zile za Diani zilifungwa baadaye. Hillcrest ikaishia kuuzwa kwa sababu ya deni la benki. Nimepita Diani kwenye mageti yale; miti ya bustani imekuwa msitu na nyani wameingia kama wapangaji, na vijana wa bodaboda pale nje ukiwauliza hoteli ilikuwa ya nani, wanakwambia ya Mjerumani.

Miaka miwili baada ya vurugu za Likoni, serikali ileile ya Moi iliyojaa makatibu wenye malori ikaishiwa na pumzi, na wafadhili wakagoma kutoa fedha. Suluhisho lililotafutwa 1999 lilikuwa safari ya Matiba ikienda kinyumenyume: badala ya katibu kwenda kampuni, watu wa makampuni wakaitwa kuwa makatibu. Richard Leakey akawekwa Mkuu wa Utumishi wa Umma. Martin Oduor-Otieno akatolewa Barclays kwenda Wizara ya Fedha, Titus Naikuni akatolewa Magadi Soda kwenda wizara ya uchukuzi na mawasiliano, wengine wakaletwa kutoka mashirika ya kimataifa, na mishahara yao ikaongezwa na wafadhili. Magazeti yakawaita timu ya ndoto. Machi 2001 Leakey aliondoka, na ndoto ikaisha kabla hakujapambazuka vizuri.

Nina rafiki aliyekuwa karani wakati ule. Anasema mabosi hawa wapya walipoingia, jambo la kwanza waliloulizia ni ripoti ya wiki iliyopita. Ripoti ipi? Faili lilikuwa njiani. "Liko njiani kutoka wapi kwenda wapi?" bosi akauliza. Hakuna aliyejua jibu, kwa sababu swali hilo halikuwahi kuulizwa.

Cha kuvutia ni walikokwenda baadaye. Oduor-Otieno akaiongoza benki ya KCB kuanzia 2007 hadi 2012. Naikuni alirudi Magadi, kisha 2003 akachukua Kenya Airways, shirika ambalo Philip Ndegwa, yuleyule katibu mkuu na gavana wa zamani, alipewa kulisafisha 1991 kabla ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, kununua asilimia 26 na hisa kuuzwa kwa umma 1996. Naikuni alikaa miaka kumi na moja. Ilianza kwa faida nono, ikapita msiba wa ndege iliyoanguka Douala, Kameruni, Mei 2007 uliochukua watu 114, ikapita mgomo, ikaishia kwenye mpango mkubwa wa kununua ndege uliokutana na soko lililokonda. Aliondoka Novemba 2014. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Mjadala wa nani alaumiwe haujaisha hata leo kwenye meza za Nairobi. Ninachokiona mimi ni kwamba mkuu wa kampuni ambayo serikali ni mwanahisa mkubwa hajatoka serikalini sawasawa. Siku ndege zinaruka ni mkurugenzi, siku zimekwama ni mtumishi wa umma anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge, kama zamani.

Sheria zimekimbizana na haya yote kwa mwendo wa konokono. Mlango uliofunguliwa 1971 ulianza kurudishwa na sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003, na Katiba ya 2010, ibara ya 77, ikamkataza ofisa wa serikali wa kudumu kufanya kazi nyingine ya malipo. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 ikaongeza kwamba aliyetoka ofisini asimfanyie kazi mtu au kampuni, kwa angalau miaka miwili, katika jambo alilolishughulikia akiwa ndani. Kwa kipimo hicho hata Matiba angeulizwa maswali. Ulipokuwa Biashara na Viwanda, Bwana Katibu, ni faili gani za Ruaraka zilizopita mezani kwako, na uliandika nini pale chini? Ni swali la haki, na kumpenda kwangu hakumwondolei.

Upande wake naye aliipelekea serikali maswali, kwa lugha ya mahakama. Aliishtaki akidai fidia ya kizuizini, ya afya yake na ya biashara zilizoporomoka. Mwaka 2017 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zake zilikiukwa akaiamuru serikali imlipe zaidi ya shilingi milioni 504. Hukumu ilipotoka Matiba alikuwa na miaka 85. Hundi inayolipa hukumu kama hiyo huandaliwa wizarani, na hupita kwa katibu mkuu ili atie saini. Matiba alifariki Aprili 2018, na saini hiyo ilikuwa haijatiwa.